Toa upepo kwanza, hedi utafungua baadae

Kuna stori moja nimeshaisikia mara nyingi mpaka mtu akianza kuisimulia namalizia mwenyewe. Gari ilikuwa inavuja rejeta, kidogo tu, tone tone, mwenye gari akaipeleka gereji, rejeta ikabadilishwa, mpira wa juu nao ukabadilishwa maana ulikuwa umechoka, maji yakajazwa, hela ikalipwa, watu wakaagana vizuri kabisa. Jioni kwenye foleni gari inachemsha. Kesho yake inarudi, fundi anasema themostati hiyo (ile vali inayofungua njia ya maji kwenda rejeta injini ikipata moto), inatolewa inatupwa. Inachemsha tena. Wota pampu ikabadilishwa. Inachemsha. Feni ikaungwa moja kwa moja iwe inazunguka muda wote hata asubuhi injini ikiwa baridi. Mwisho anatamkiwa ile sentensi ambayo mtu akiambiwa anatafuta pa kukaa, "bosi hapa itabidi tufungue hedi". Na wakifungua hicho kichwa cha injini kweli wanakuta gasketi, kile kizibo kinachokaa chini yake, imeungua, basi fundi anaonekana alikuwa sahihi siku zote, ila hakuna anayeuliza hiyo gasketi imeungua lini. Mara nyingi imeungua ile jioni ya kwanza kwenye foleni, kwasababu ya upepo ulioachwa ndani siku ya kujaza maji.

Mimi sio fundi, ni mtu wa kukaa gereji tu, gari zetu za nyumbani ni za zamani kwahiyo gereji ndo kijiwe. Na kwa kukaa huko nimefikia hitimisho moja ambalo mafundi vijana hawalipendi: saa ya hatari kwenye mfumo wa maji wa gari sio ile rejeta ya zamani inapovuja, ni ile rejeta mpya inapojazwa. Ile ya zamani ilikuwa inavuja lakini ndani kulikuwa na maji. Hii mpya haivuji, lakini ukute nusu ya kilichomo ni hewa, na mtu anaondoka anapiga honi kwa furaha.

Sasa hewa ina ubaya gani, maana kuna mtu atasema hewa si ndo inapooza. Hapana bana. Inayopooza ni ile ya nje inayopita kwenye rejeta kwa kasi, tena kwa wingi. Hewa iliyokaa ndani ya kichwa cha injini haina uwezo wa kubeba joto. Chukua lita moja ya maji na lita moja ya hewa, ili vyote vipande nyuzi moja ya joto maji yanahitaji joto zaidi ya mara 3000 ya lile la hewa. Yaani sehemu iliyokaa puto la hewa ni sawa na haipoozwi kabisa, na upande wa pili wa hilo bati la aluminiamu ndani ya silinda kuna moto unaopita nyuzi 2000 kila petroli inapolipuka. Na hewa inapenda kukaa wapi? Juu. Na juu ya injini kuna nini? Hedi, vali za eksozi, sehemu yenye joto kuliko zote. Hewa inachagua kukaa pale pale ambapo maji yanahitajika kuliko popote.

Halafu kuna suala la pampu. Wota pampu ya gari ni mapanga tu yanazunguka, yanasukuma maji kwa kuyarusha pembeni, yakikutana na hewa hayana cha kurusha, yanazunguka bure. Si mnajua mgao wa maji ukiisha, ukifungua bomba linakohoa kwanza, pff pff, linatema, linanyamaza, linatema tena, ndo maji yanakuja. Bomba la nyumbani lina bahati, mwisho wake uko wazi, hewa ina pa kutokea. Kwenye gari ni mzunguko uliofungwa, hewa isipotengenezewa pa kutokea inazunguka na maji au inajibanza kona moja na kukaa hapo.

Kingine kibaya ni kwamba hewa inadanganya geji. Sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji, ikibaki kwenye hewa inasoma kitu kingine kabisa, ndo unaona mshale umekaa chini umetulia huku mvuke unatoka mbele, au mshale unapanda ghafla karibu na nyekundu, unashuka wenyewe, unapanda tena. Mshale unaocheza hivyo siku moja mbili baada ya kutoka gereji, mimi kabla ya kufikiria kitu kingine chochote nafikiria upepo. Na wenye Passo na Vitz ndo msiseme, nyingi hazina geji kabisa, kuna kataa ka bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikiwa mambo yameshaharibika, katikati hapo uko gizani.

Ishara nyingine ambayo haihitaji kipimo chochote ni sikio. Washa gari ikiwa baridi, zima redio, zima feni ya ndani, kanyaga mafuta kidogo halafu sikiliza nyuma ya dashibodi upande wa abiria. Ukisikia maji yanachururika huko ndani jua hita ina hewa. Washa hita yenyewe sasa, injini ikishapata moto, weka kwenye joto kali kabisa, ikitoa hewa ya baridi wakati injini ina moto, maji ya moto hayafiki kule. Watu wa Dar wanacheka ukiwaambia wawashe hita, nani anawasha hita Dar, lakini ile hita ni rejeta ndogo nyingine iliyojificha, na kwenye gari nyingi iko juu juu, hewa inaipenda sana.

Nilivyoelewa hili jambo vizuri ni pale kwenye gereji moja ya uwazi kule Keko, Dar, Noah ya shemeji yangu, ile ya zamani ambayo injini iko chini ya viti vya mbele. Hizi Noah kwa suala la upepo zina kesi yao. Rejeta iko mbele, injini iko nyuma yake chini ya kiti, mabomba yanapita chini yanapanda yanashuka, na nyingi zina hita mbili, ya mbele na ya abiria wa nyuma, kwahiyo kuna bomba linakwenda mpaka huko nyuma chini ya sakafu. Ukijaza maji kwenye Noah kama unavyojaza kwenye Corolla umejaza rejeta tu, basi.

Fundi alikuwa mzee mmoja mkimya, ana miwani imefungwa kamba. Vijana wake walikuwa wameshamaliza kufunga rejeta, mmoja amemwaga maji mpaka yamefika mdomoni, ameshika mfuniko anataka kufunga. Mzee akamwambia weka chini huo mfuniko. Akaiamuru gari isogezwe pale ambapo uwanja umeinuka kidogo, pua ikae juu, bado hakuridhika, akaweka jeki mbele akainyanyua na mawe chini ya matairi ya nyuma ili isirudi. Shemeji akasogea.

"Shikamoo mzee. Si yameshajaa lakini?"

"Marahaba. Yamejaa rejeta. Injini bado haijanywa."

Akachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, akakata kitako kwa kisu, akaigeuza, akafungia raba ya tyubu mdomoni mpaka ikabana kwenye shingo ya rejeta bila kuvuja, ikawa faneli yenye tanki lake. Ujanja uko hapo jamani. Maji ndani ya ile chupa yanakuwa juu kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo mzima, kwahiyo hewa popote ilipo ikianza kupanda inapanda kuelekea pale, na kila povu likitoka maji yanashuka yenyewe kujaza nafasi yake. Kuna faneli za kununua za kazi hiyo hiyo zina adapta za kila saizi, nzuri tu, ila ile chupa ilifanya kazi bila malalamiko.

Kabla ya kuwasha injini akaingia ndani akasogeza hita zote mbili kwenye joto la mwisho. Kwenye gari nyingi za zamani hiyo inafungua vali inayoruhusu maji kupita kwenye hita, usipofungua hewa yote ya huko inabaki huko na siku utakayoifungua inarudi kwenye injini. Halafu akaanza kuminya mpira wa juu kwa mikono miwili, taratibu, anaminya anaachia, anaminya anaachia, mpira wa chini vile vile, na kila akiachia kwenye chupa kunatoka povu, blup, maji yanashuka kidole kizima. Injini hata haijawashwa. Alikaa hapo akiminya muda mrefu mpaka shemeji akaanza kuangalia saa, na nikahesabu kwa macho tu kwamba yameingia maji mengi kuliko ambavyo yule kijana angeamini, yeye ambaye alikuwa anataka kufunga mfuniko.

Ndo ikawashwa. Ikaachwa sailensa ya kawaida, yaani inanguruma yenyewe polepole bila kupigwa resi. Hapa ndo vijana wengi wanakosea, wanawasha na kupiga resi hapo hapo, pampu inachanganya hewa na maji kuwa povu dogo dogo ambalo ni gumu kutoka kuliko puto moja kubwa. Mzee aliiacha tu. Maji kwenye chupa yalikuwa yametulia, yanatoa povu moja moja, baada ya dakika kadhaa ghafla yakashuka kwa mkupuo karibu yaishe, na kijana akaruka kudhani pamepasuka mahali. Themostati imefunguka, mzee akasema, ongeza. Themostati nyingi za Toyota zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kabla ya hapo maji ya injini na maji ya rejeta hayazunguki pamoja, kwahiyo kuna hewa iliyokuwa imefungiwa upande wa injini muda wote huo inatoka sasa. Mtu aliyefunga mfuniko kabla ya themostati kufunguka hajatoa upepo, amefanya maigizo.

Baada ya hapo ndo ikapigwa resi ya wastani, kwenye mizunguko elfu mbili, mbili na nusu kwa dakika, inashikiliwa kidogo inaachiwa, huku mpira unaminywa kwa kitambaa maana sasa ni wa moto. Feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena ikazima. Mzee akashika bomba la hita linaloingia na linalotoka, yote ya moto. Akampa kijana naye ashike. Ndani hita inapuliza joto la kuunguza miguu, mbele na nyuma. Povu limekata. Ndo mfuniko ukafungwa, na tanki la akiba likajazwa mpaka katikati ya mistari miwili, sio mpaka mdomoni, maana maji yakipata moto yanatanuka lazima yapate pa kwenda.

Na bado akasema, kesho asubuhi ikiwa baridi kabisa, fungua uangalie. Maana gari ikipoa usiku inavuta maji kutoka tanki la akiba na hewa ya mwisho iliyobaki inasogea juu chini ya mfuniko. Yalikuwa yameshuka kweli, kidogo, ikaongezwa. Hiyo asubuhi ya pili ndo inamaliza kazi, na ndo ambayo karibu kila mtu anairuka.

Sasa nirudi kwenye themostati maana nina kinyongo nayo, yaani sio na themostati, na tabia ya kuitoa. Huku kwetu kuna imani kwamba themostati ni ya nchi za baridi. Sijui nani alianzisha. Injini ya petroli imetengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 na kitu mpaka 90 na kitu, haijali nje ni Dar au Tokyo, ukitoa themostati asubuhi kompyuta inaona injini ni baridi inamwaga mafuta mengi, unalalamika gari inakunywa. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba themostati nyingi za Toyota zina sahani mbili. Ya kwanza inafungua njia ya kwenda rejeta, ya pili wakati huo huo inaziba njia ya mkato ambayo inarudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili ziko wazi siku zote, na maji kama binadamu yanapenda mkato, sehemu kubwa ya maji ya moto inazunguka kwenye injini bila kupozwa, kwahiyo kwenye mlima mrefu gari isiyo na themostati inaweza kuchemsha kuliko ingekuwa nayo. Mtu kaitoa ili isichemshe!

Na kuna kale kapini kadogo kanakochezacheza kwenye ubavu wa themostati, watu wanadhani ni uchafu au imevunjika. Kale ni ka kazi hii hii ya upepo. Kanaruhusu hewa ipite wakati themostati bado imefunga, na pampu ikianza kusukuma kanaziba. Toyota wanataka kakae juu, upande wa saa sita. Ukifunga themostati mpya kapini kakiwa chini hewa haikafikii, umejitafutia kazi. Kama una wasiwasi na themostati yako usiitupe, ichemshe. Ifunge kamba, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni isiguse chini, weka kipimajoto, utaiona inafunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Isipofunguka ndo ununue nyingine.

Haya, sio gari zote zinafanana. Wenye Subaru mnajua injini zenu zimelala, silinda kulia na kushoto, kwahiyo hewa ina makao mawili. Kwenye Forester na Impreza nyingi za injini ya EJ kuna skrubu ya plastiki kwenye kona ya juu ya rejeta, upande wa pili wa mfuniko, hiyo ndo ya kutolea hewa, ifungue wakati unajaza mpaka maji yatoke pale, na ifungue kwa adabu kwasababu plastiki ya miaka ishirini inakatika ukiitazama vibaya. Ujanja mwingine wa Subaru ni kuchomoa mpira wa juu upande wa rejeta na kumimina kulanti (maji ya dawa ya rejeta) moja kwa moja kwenye injini kupitia huo mpira, ijae kwanza, ndo unarudisha na kumalizia rejeta.

BMW za E46 zina skrubu yake pembeni ya mfuniko wa tanki, unaweka swichi on bila kuwasha injini, hita kwenye joto la mwisho na feni ya ndani kasi ya chini kabisa, unajaza taratibu mpaka pale kwenye skrubu yatoke maji bila povu. E90 zenye injini ya N52 ndo zinafurahisha zaidi maana wota pampu ni ya umeme. Unajaza, unafunga, swichi on, hita joto la mwisho, feni ya ndani chini kabisa, unakanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini sekunde kumi unaachia, injini imezima hivyo hivyo, pampu inaanza kuzunguka yenyewe kama dakika kumi na mbili inatoa hewa, wewe unasikiliza tu inaunguruma inabadilisha sauti. Hakikisha betri ina nguvu au umeunga chaja, otherwise itakufia katikati. Nimeona fundi anaminya mipira ya E90 jasho linamtoka, nikamuonea huruma.

Sasa sehemu ambayo naona ndo muhimu kuliko hata kutoa upepo wenyewe. Umetoa vizuri, kila kitu, baada ya wiki umerudi pale pale. Usitoe tena. Uliza umeingia wapi. Mfumo ukiwa mzima hewa haiwezi kurudi.

Mimi naanza na mfuniko wa rejeta kwasababu ndo wa bei rahisi na ndo unaodharauliwa. Mfuniko sio kifuniko tu, ndani una vali mbili. Moja inashikilia presha, angalia juu yake kumeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni baa (kipimo cha presha), na hiyo presha ndo inafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, kwa 1.1 yanafika karibu 120 ndo yachemke. Vali ya pili ni ndogo, ya katikati, inafunguka injini ikipoa ili kuvuta maji kutoka tanki la akiba. Hii ikiganda, gari ikipoa utakuta mpira wa juu umejikunja umebonyea kwa ndani. Na kama raba ya mfuniko imekauka, au kale kapaipu kembamba kanakokwenda tanki la akiba kametoboka au kamechomoka, gari ikipoa badala ya kuvuta maji inavuta hewa. Kila usiku. Tanki la akiba limejaa wewe unaridhika, rejeta juu imejaa hewa. Kwahiyo angalia rejeta yenyewe ikiwa baridi, tanki la akiba linaweza kukudanganya.

Baada ya mfuniko, klampu za mipira, seli ya wota pampu, yaani raba yake ya kuzuia maji (pampu ina katundu chini, ukiona alama ya maji yaliyokauka hapo pampu inavuja), plastiki ya kichwa cha rejeta kwenye maungio. Halafu la mwisho ambalo hakuna anayetaka kulisikia, gasketi ya hedi. Gasketi ikifa kati ya silinda na njia ya maji, moshi wa mlipuko unasukumwa kwenye maji, hapo hata ukitoa upepo mpaka Idi povu halitaisha. Tofauti iko wazi ukiangalia kwa utulivu. Povu la upepo wa kawaida linapungua, linakatakata, linaisha. Povu la gasketi haliishi, na ukipiga resi linaongezeka. Mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja mbili tangu uwashe gari ya baridi, kabla hata maji hayajapata moto wa kutanuka. Kuna kipimo cha dawa ya bluu kinachokaa juu ya mdomo wa rejeta, moshi wa injini ukipita unaibadilisha kuwa njano, fundi mwenye hicho mheshimu, kitakuokolea hela ya kufungua hedi bure.

Angalizo kwa watu wa nyanda za juu. Mbeya, Njombe, Iringa maji yanachemka kabla ya 100, kwa Mbeya ni kwenye 94 hivi, na feni za gari nyingi zinawaka kwenye 93 mpaka 96 au zaidi. Kwahiyo ukiwa unatoa upepo huko mfuniko ukiwa wazi na umeweka maji matupu, yanaweza kuanza kuruka na kutoa mapovu makubwa kabla feni haijawaka, mtu anapiga kelele gasketi! gasketi! kumbe ni kuchemka kwa kawaida kwa mlima ule. Funga mfuniko mapema kidogo ukiwa huko, malizia kwa ile njia ya kupoza na kuangalia asubuhi.

Na ikikuchemkia njiani, tuseme unapanda mlima Kitonga na lori liko mbele linatambaa, zima AC, washa hita joto la mwisho na feni ya ndani kasi yote, fungua vioo mteseke, ile rejeta ndogo itakusaidia kubeba joto mpaka upate pa kuegesha. Hita ikipuliza baridi wakati mshale uko juu usiendelee hata mita mia, maji hayapo au ni hewa tupu. Simama, zima, fungua boneti, subiri. Usifungue mfuniko. Narudia maana kila mtu anamjua mtu aliyeungua uso: maji yaliyo kwenye nyuzi 110 chini ya presha ukiyafungulia yanageuka mvuke hapo hapo, tambara halikulindi. Na wale wanaokuja na kidumu wakimwagia injini maji ya baridi kwa nje au kumimina ndani ikiwa bado inawaka moto wanapindisha hedi, aluminiamu haitaki mshtuko huo. Kaa nusu saa, kula mahindi ya kuchoma.

Kuhusu cha kujaza nitakuwa mfupi. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi, yanakula aluminiamu na yanaacha magamba, na magamba yanaziba njia nyembamba. Kulanti huku hatuitaki kwa ajili ya barafu, tunaitaka kwasababu inazuia kutu, inalinda seli ya pampu na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kama unachanganya mwenyewe nusu kwa nusu tumia maji yaliyosafishwa yale ya kuongezea betri, ila soma chupa vizuri dukani maana kuna nyingine pembeni yake ni asidi na zinafanana. Usiamini rangi, pinki ya kampuni moja sio pinki ya nyingine, ukibadilisha aina toa yote suuza ndo uweke.

Nimewahi kumuuliza yule mzee wa Keko kwanini vijana wake wanaharakisha wakati anawafundisha. Akasema mteja analipa rejeta na kufunga rejeta, hakuna anayelipa kusubiri. Nikaona ana hoja. Kazi ya kufunga rejeta inaonekana, spana zinalia, jasho linatoka, lakini kuminya mpira na kukodolea chupa saa nzima mteja anaona fundi anapoteza muda, anaanza kupiga simu kwa sauti ili asikike ana haraka. Siku hizi nikipeleka gari kwa kazi yoyote inayomwaga maji, iwe pampu, iwe mpira, iwe hedi, tunapatana bei ya kutoa upepo kama kazi inayojitegemea, na gari naiacha ilale pale, asubuhi nakwenda mwenyewe kabla haijawashwa tufungue mfuniko pamoja.

Na wenye haibridi, zile gari za petroli na umeme kwa pamoja, Aqua na Prius zina mizunguko miwili ya maji iliyotenganishwa, ya injini na ya inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota), kila mmoja una tanki lake na pampu yake. Kutoa upepo kwenye injini hakujagusa inveta. Prius ya kizazi cha pili ukifungua tanki la inveta gari ikiwa on unatakiwa uone maji yanatikisika ndani, yakiwa yametulia tuli pampu imekufa au imekamata hewa. Na injini ya haibridi inazima yenyewe unapokuwa unasubiri themostati, kwahiyo mwambie fundi aiweke kwenye hali ya matengenezo, ile ya kukanyaga pedeli mara mbili kwenye P, mara mbili kwenye N, mara mbili kwenye P tena, ndo unawasha, ibaki inanguruma. Fundi akikuambia hajawahi kusikia hicho kitu, tafuta mwingine.